Maji ya mchicha yanayowaka rangi nyekundu

Jana usiku nimeponda mchicha kwenye spiriti nikachuja, nikazima taa, nikaumulika na ile tochi ya kukagulia noti bandia, jamani yale maji ya kijani yakawaka rangi nyekundu kama damu! Watoto wakapiga kelele. Mi nikabaki nawaza, mbona jani zima ukilimulika hivyo huoni kitu, wekundu wake ni hafifu mno?

Hesabu iko hivi. Moli moja (fungu kubwa mno la kuhesabia chembe) ya fotoni, yaani chembe za mwanga, za bluu, nanomita 450, inabeba kilojuli kama 266, nyekundu ya nanomita 680 inabeba 176. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ikimeza bluu ile tofauti ya kilojuli 90 inageuka joto hapo hapo, haifiki hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kwa hiyo bluu kwa jani haina faida kuliko nyekundu. Mwanzoni hilo liliniuma kweli, naona hasara tupu.

Halafu kuna safari ya hiyo nishati ndani ya jani. Mwaka 1932 watafiti Emerson na Arnold walipima mwani wa klorela wakakuta klorofili kama 2,500 kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayotoka kwa mmweko mmoja mfupi wa mwanga, maana yake klorofili nyingi sana kazi yake ni kudaka mwanga na kupasiana tu mpaka nishati yake ifike kwenye kituo cha kazi, pale inapoanza kutumika. Watu husema nishati inateremka kama maji kwenye faneli lakini mteremko wenyewe ni mdogo, na klorofili za pembeni ni mamia wakati kituo ni kimoja, sasa entropia, yaani ile tabia ya vitu kutawanyika, inavuta nishati irudi kuzurura. Kinachoizuia ni elektroni kurushwa kwa jirani fasta na kushuka ngazi, ikipoteza nishati kidogo kila hatua kama joto, na kule kushuka ndo komeo lenyewe, kupanda tena ni ngumu. Bila kulipa hilo joto mlango ungebaki wazi.

Kwenye glasi yangu vituo vimeshavunjika, elektroni haina jirani wa kuipokea, basi klorofili inatema mwanga.

Ukipiga jumla, jani kutengeneza sukari ya glukosi moja linataka fotoni nyekundu 48 angalau, kilojuli 8,448 kwa moli, na glukosi yenyewe inabaki na 2,870 tu. Theluthi. Na mi naona theluthi hiyo ni nyingi mno kwa kitu kinachofanyika kwenye jani laini, kwenye joto la kawaida la bustani yangu.