Nilivyosimika sanamu ya muziki wa dansi kwa mabomba na nondo

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Riziki yangu ni mageti na grili za madirisha, lakini nimekulia kwenye dansi. Baba alikuwa mshabiki wa Msondo tangu ikiitwa NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964. Kwa hiyo kamati ya mtaa wetu ilipotaka kitu cha kupamba kiwanja kilicho kando ya ukumbi wa zamani wa dansi, niliomba kazi hiyo nipewe mimi.

Nilikuwa na sababu. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa humu mjini mwaka 1932, zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz, na kutoka mikoani tukaletewa Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Sanamu inayojulikana kuliko zote jijini, ile ya Askari, imesimama tangu 1927 na ni ya kumbukumbu ya vita. Watu waliotuchezesha miaka yote hiyo nao wanastahili kusimamishiwa chao.

Nilianza kwa kutazama picha za kazi za wenzetu. Kule New Orleans, Elizabeth Catlett alimchonga Louis Armstrong na tarumbeta lake na leso, sanamu ya shaba iliyozinduliwa 1980. New York yupo Duke Ellington wa Robert Graham, tangu 1997, amesimama kando ya piano juu ya nguzo ndefu. Kazi kubwa hizo, nazipenda. Ila zote mbili zimemtukuza mtu mmoja, na kwetu mtu haendi dansini kumfuata mmoja. Anaifuata bendi. Mtu ni wa Msondo au ni wa Sikinde, bendi pinzani yake, basi.

Jibu nililipata Mwenge, kwa wachongaji wa Kimakonde. Ile michongo ya ujamaa, watu wamebebana na kushikana kuanzia chini hadi juu ndani ya gogo moja la mpingo, ndiyo bendi yenyewe. Halafu mpingo huohuo wa mikoa yetu ya kusini ndio unaopelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti. Mti wetu umo ndani ya jazi siku zote.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyepiga besi ujanani, nilimfuata na mchoro wangu. Aliutazama, akaniuliza, "Mwanangu, besi liko wapi hapa?" Nikamwonyesha juu, pembeni. Akatikisa kichwa: "Liweke chini. Watu husifia solo, lakini besi likinyamaza wanarudi kwenye viti."

Kuanzia hapo umbo likajipanga kama magitaa ya bendi. Chini kabisa kuna besi, bomba nene la inchi 4 linalobeba uzito wote. Kiunoni mwake limezungushiwa rithim, mabomba ya inchi 2 yanayojirudia kwa mpindo uleule. Juu ni solo, nondo za milimita 12 zinazokimbia kila upande. Nyimbo za dansi huanza polepole, waimbaji wakisimulia, kisha linakuja chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Hilo nalo nililitaka. Upande unaotazama barabara nimeziachia nondo nafasi pana. Kadiri unavyozunguka kuelekea ukumbini zinasogeleana, hadi upande wa pili zimebanana na kupishana. Anayeizunguka anatoka kwenye wimbo na kuingia kwenye chemko kwa miguu yake mwenyewe.

Kazi iliyotaka akili zaidi ni kupinda mabomba. Bomba tupu ukilipinda linabonyea tumboni, na mpindo uliobonyea unaua mwendo wote. Dawa yake ni mchanga. Unauchekecha, unaukaanga juu ya karai mpaka ukauke kabisa, unaujaza huku ukiligongagonga bomba ili ushikane, kisha unaziba ncha zote mbili. Ndipo unapasha moto sehemu moja hadi iwe nyekundu na kuivuta taratibu. Usithubutu kutumia mchanga wenye unyevu: maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, linaweza kupasuka mkononi. Na kama bomba lina zinki, ikwangue kwa grenda kabla ya kuchomelea, kwa sababu moshi wake unaleta homa usiku.

Ncha zote za nondo nimezikunja zikawa duara, maana watoto watapanda tu, na nilitaka wapande. Msingi ni wa zege. Chini ya kila bomba nimetoboa tundu la kutolea maji, kwani kutu ya Dar huanzia ndani, na chumvi ya bahari haina huruma. Praima mara mbili, kisha rangi ya mafuta: buluu iliyokolea kwenye besi, njano kwenye solo. Kila mwaka kabla ya masika nitapitisha msasa na rangi mpya, na hilo tumeliandika kwenye makubaliano na serikali ya mtaa ili lisitegemee uhai wangu.

Mzee alipokuja kuiona aliigonga besi kwa pete yake, akasikiliza, akataka pia pawe na benchi la kukaa wanaosubiri dansi lianze. Nondo za benchi nimeshazikata. Bado mbao.