Kumbukumbu ya mota ya koili moja: hatimaye makundi yote yamezungusha

Leo mota za makundi yote ya kidato cha nne zimezunguka. Zote, hata ya lile kundi la dirishani lililokuwa limeshakata tamaa na kufungua madaftari ya Kemia. Naandika usiku huu huu, maana tatizo lililotukwamisha wiki nzima ni dogo na lina fizikia tamu sana ndani yake, na nina hakika walimu wengi wanalikuta, wanasema sumaku ni dhaifu, kisha wanarudi kuchora mota ubaoni.

Vifaa ni vile vile mnavyovijua. Betri kubwa ya tochi ya volti 1.5, pini mbili za nguo zilizobanwa kwenye ncha za betri kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, koili ya mizunguko 15 iliyosukwa kwa kuzungushia betri yenyewe, ncha zake mbili zikikalia pini. Waya nimepewa na fundi wa kusuka mota, mabaki yenye unene wa kama nusu milimita. Sumaku tumezing'oa kwenye spika mbovu tukazivunja vipande kwa nyundo, kipande kimoja juu ya kila betri.

Na koili haizunguki. Inashtuka, inayumba huku na huku, inatulia. Ukiisukuma kwa kidole inajikokota nusu mzunguko, halafu inarudi ilikotoka. Betri nayo inapata moto, kwa sababu ukinzani wa koili haufiki robo ya omu na koili isiyozunguka inakunywa umeme tu. Nimeona sura za watoto zikibadilika kila betri moja ilipokufa, na betri hizi si bure.

Jibu la haraka kila mtu analijua: ncha moja ya waya ikwanguliwe vanishi yote (ile ngozi inayozuia umeme), nyingine nusu tu, ili umeme ukatike katika ile nusu mzunguko ambayo sumaku ingeisukuma koili kinyume. Sawa. Walikuwa wamefanya hivyo. Nilipita kundi kwa kundi na kioo cha kukuzia, na nusu zao zilikuwa safi, upande mmoja shaba inang'aa, upande wa pili vanishi nzima. Tukabadilisha betri. Tukaongeza vipande vya sumaku. Tukanyoosha ekseli ya waya hadi koili ikawa haielemei upande wowote. Bado inayumba na kutulia.

Kilichotuokoa ni kundi moja lililokosa kipande cha sumaku. Walibaki na sumaku nzima ya spika, haitoshi kati ya pini mbili, wakaamua kuisimamisha pembeni ya betri, imeegemea kitabu. Yao ikazunguka mara ya kwanza tu ilipoguswa. Darasa zima likapiga kelele kwamba ni kwa sababu sumaku yao ni kubwa. Mimi sikulipinga wala kulikubali. Niliwaomba wachukue kipande kidogo kutoka kundi jirani, wakiweke pembeni pale pale ilipokuwa ile kubwa. Koili ikazunguka, polepole zaidi lakini bila kusita. Wakakihamishia chini ya koili, ikasimama. Pembeni, inazunguka. Chini, inasimama. Hapo darasa lilinyamaza kwa namna ambayo mwalimu anaisubiri muhula mzima.

Ukubwa ukawa umetoka. Imebaki mahali. Nikawauliza walikwanguaje, na binti mmoja akasema, "Mwalimu, sisi wote tuliilaza koili mezani tukakwangua upande wa juu." Ni kweli, ndiyo njia rahisi, waya unatulia haukimbii. Karatasi ya maelekezo tuliyotumia inasema kwangua nusu ya juu, haisemi koili ikae vipi.

Tulichora pamoja. Sumaku ikiwa chini, uga wake, yaani eneo la nguvu yake ya sumaku, unapanda wima. Katika uga huo koili inasukumwa kwa nguvu zote inapokuwa imesimama wima, na haisukumwi kabisa inapolala. Kwa hiyo tunataka umeme uwepo katika nusu mzunguko ambayo katikati yake koili imesimama wima. Ukikwangua koili ikiwa imelala, unapata umeme katika nusu mzunguko ambayo katikati yake koili imelala: robo ya kwanza inasukumwa mbele, robo ya pili inasukumwa nyuma, jumla ni sifuri. Ndiyo maana inayumba! Sumaku ikienda pembeni, uga unalala, na koili iliyokwanguliwa ikiwa imelala inakuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyekwangua vibaya. Kila koili ilikuwa nzuri kwa sumaku iliyokaa mahali pengine.

Sasa kuhusu zana. Wembe siutaki tena. Unachimba shaba, na waya unakatika pale pale kwenye bega la koili baada ya kuhangaika kote. Msasa ni bora, ila msasa hauwezi nusu, ukiukunja unakula pande zote. Kwa hiyo leo tumekwangua ncha zote mbili kabisa kwa msasa, halafu tukaisimamisha koili wima, tukapaka rangi ya kucha nusu ya juu ya ncha moja. Inakauka kwa dakika chache, na ukitaka kubadilisha upande unaifuta unapaka upya. Chupa moja ndogo imetosha darasa zima. Na kwa wanaouliza kama waunge betri ya bodaboda ili izunguke kwa kasi: hapana. Volti 12 kwenye koili yenye ukinzani huu ni makumi ya ampea, mtoto ataungua.

Mpango wa kesho ulikuwa transfoma. Lakini saa ya mwisho mlinzi alikuwa na redio yake nje ya dirisha, kwenye masafa ya kati, na kijana mmoja akagundua kwamba inakwaruza kila mota yao inapozunguka, na inanyamaza wakiishika koili. Cheche! Kila mguso unapokatika kwenye pini, cheche ndogo inarusha mawimbi ya redio. Nikawaambia kwamba Heinrich Hertz alipothibitisha mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880 alianza na cheche vile vile, na wakagombania dirisha.

Mkwaruzo ni wa haraka mno kuhesabu kwa sikio, basi nikaweka simu yangu karibu na redio nikafungua phyphox, programu ya bure ninayoipenda kuliko chombo chochote cha maabara yetu, na mchoro wa sauti ukaonyesha vilele vilivyopishana kama sekunde 0.12. Mguso unakatika mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni mizunguko kama 8 kwa sekunde. Tumepata kipima kasi bila kuigusa mota.

Transfoma itasubiri. Kesho tunasuka koili ya mizunguko 30 kwa waya ule ule. Nusu ya darasa wanasema itakwenda kasi zaidi kwa sababu msukumo ni mkubwa, nusu wanasema uzito utaichelewesha, na kila upande umeshaandika hoja yake daftarini.