Mteja mwaminifu wa kadi ya mkopo Marekani: usingoje benki ikukumbuke

Kama unaishi Marekani na una kadi ya mkopo uliyoichukua miaka kumi iliyopita, ukailipa kila mwezi bila kuchelewa, huenda bado unabeba masharti uliyopewa siku ulipoomba, ulipokuwa mgeni usiye na historia yoyote. Riba ya kadi hupanda na kushuka pamoja na riba ya msingi ya mabenki, lakini nyongeza ambayo benki iliweka juu yake kwa sababu haikukufahamu haiondoki yenyewe. Mteja mpya anapewa zawadi ya kumkaribisha, wewe hupewi. Kwa maoni yangu si haki, ila mengi yanarekebishika kwa simu moja, mradi ujue unachoomba.

Kwanza tuelewe hesabu yao. Benki hupata pesa za kadi kutoka kwenye riba, ada, na makato anayotozwa mwenye duka kila unapolipa. Ukilipa deni lote kila mwezi riba haipo, na sehemu kubwa ya makato inakurudia kama pointi. Kadi iliyolala droo haileti hata hayo, na wakati huohuo kikomo chake cha kukopa ni ahadi kwamba siku yoyote unaweza kukopa kiasi chote. Ndiyo maana uchumi ulipoyumba 2008 na 2009, na tena 2020, benki zilipunguza vikomo na kufunga kadi hata za watu ambao hawajawahi kukosa malipo.

Madhara yake yanaonekana haraka kwenye alama za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji hutumia kupima kama unaaminika kulipa. Chukua mtu mwenye kadi mbili: ya zamani ina kikomo cha dola 8,000 na haina deni, mpya ina kikomo cha 2,000 na deni la 900. Anatumia asilimia 9 ya vikomo vyake. Benki ikifunga ile ya zamani, deni ni lilelile 900, lakini sasa ni asilimia 45 ya kikomo kilichobaki. Katika alama za FICO, mfumo wa alama unaotumiwa na wakopeshaji wengi Marekani, kiasi unachodaiwa, hasa kikilinganishwa na vikomo vyako, kina uzito wa asilimia 30, kwa hiyo alama zinashuka bila yeye kukopa hata senti. Wengi hudhani kinachoumiza ni kupotea kwa umri wa kadi. Hapana, kadi iliyofungwa ikiwa safi huweza kubaki kwenye ripoti ya mkopo, yaani rekodi ya madeni na malipo yako, hadi miaka 10. Kinachoumiza mara moja ni kile kikomo.

Sheria ya kadi za mkopo iliyotiwa saini Mei 2009 inakulinda kwa sehemu. Benki ikitaka kukupandishia riba lazima ikuarifu siku 45 kabla, na deni la zamani kwa kawaida hubaki kwenye riba ya zamani, isipokuwa ukichelewa kulipa zaidi ya siku 60. Ila kadi isiyotumika inaweza kufungwa bila kukuarifu mapema. Kikomo nacho kinaweza kukatwa ghafla. Kama kimekatwa kwa sababu ya ripoti yako ya mkopo, benki lazima ikutumie taarifa inayotaja kampuni iliyotoa ripoti hiyo, na una siku 60 za kuomba nakala bure. Iombe, maana mara nyingine chanzo ni deni la mtu mwingine lililoingizwa kwako kimakosa.

Kuilinda kadi ya zamani ni rahisi: iwekee malipo madogo ya kila mwezi, tuseme bili ya simu, kisha weka malipo ya moja kwa moja ya salio lote la stetimenti, si kile kiwango cha chini. Mambo huharibika kadi inapoisha muda na kuletwa mpya: tarehe imebadilika, kampuni ya simu inashindwa kukata, nawe unaendelea kuamini kadi inafanya kazi. Ukirudi nyumbani Mombasa au Mwanza kwa miezi kadhaa, hakikisha kadi mpya haitatumwa kwenye anwani uliyokwisha kuhama.

Sasa simu yenyewe. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, useme unafikiria kuifunga kwa sababu ya ada ya mwaka au riba, na uombe kuunganishwa na idara inayoshughulikia wateja wanaotaka kuondoka. Sema "ninafikiria". Ukisema "funga", wapo watakaoifunga papo hapo. Piga mara ada ya mwaka inapotokea kwenye stetimenti, kwa kuwa benki nyingi huirudisha ukifunga ndani ya siku 30. Taja umekaa nao miaka mingapi na umetumia kiasi gani mwaka uliopita. Wakikataa kusamehe ada, omba kubadilishiwa kadi iwe aina isiyo na ada: mara nyingi akaunti inabaki ileile na umri wake, ila zawadi ya mteja mpya hupati. Kama una deni, omba riba ipunguzwe. Deni la dola 3,000 kwa asilimia 28 hula takriban dola 70 kwa mwezi. Kwa asilimia 20 ni 50. Ukiomba kikomo kiongezwe, uliza kwanza kama watachunguza ripoti kwa namna inayoacha rekodi, kwa sababu ulizo la hivyo hukaa kwenye ripoti miaka miwili.

Mtego mmoja huwanasa hata walipaji wazuri. Ukibeba deni miezi kadhaa kisha ukalipa salio lote la stetimenti, mwezi unaofuata inaweza kuja riba ndogo, ya siku zilizopita kati ya stetimenti na malipo yako. Mtu anaona dola 11, anadhani ni kosa, anaiacha, na anatozwa ada ya kuchelewa. Ilipe, kisha piga uombe ada isamehewe. Kwa mwenye rekodi safi mara ya kwanza hukubaliwa mara nyingi. Taarifa ya kuchelewa haipelekwi kwenye ripoti ya mkopo kabla siku 30 hazijapita, kwa hiyo ukiwahi, alama zako haziguswi.