Mwalimu Alipochukua Nafasi ya Rehema

Warsha ile ilifanyika Jumamosi, kwenye bwalo la shule moja ya sekondari ya kutwa, walimu na wanafunzi pamoja. Tulifuata mtindo wa Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yao kwa njia ya sanaa. Katika mtindo huo igizo halianzi na mswada wa mwalimu. Wanafunzi wenyewe hutaja kinachowakwamisha na kuchambua sababu zake, ndipo waigize, wajadiliane na watazamaji na kupanga hatua za kuchukua.

Kutaja matatizo mbele ya walimu si jambo jepesi. Kila mwanafunzi alipewa nusu karatasi, akaandika bila jina, akaikunja na kuitia kwenye ndoo. Karatasi ziliposomwa na kupangwa sakafuni kwa mafungu, fungu kubwa kuliko yote lilihusu adhabu za kuchelewa.

Kikundi cha waigizaji kilianza na sanamu tatu, yaani kusimama kimya kwa miili yao bila maneno: tatizo lilivyo, chanzo chake, matokeo yake. Wakianza na maneno, wote huongea kwa mpigo na mwili husahaulika. Mazungumzo yaliongezwa baadaye, igizo likawa la dakika saba hivi. Likirefuka zaidi linakula muda wa mjadala, na mjadala ndio kazi yenyewe.

Shida ikawa sauti. Bwalo la bati lisilo na dari humeza maneno, na waigizaji walipojaribu kupiga kelele mambo yaliharibika zaidi: koo zilikauka, silabi za mwisho zikapotea. Tulisogeza mabenchi yakawa nusu duara, hatua chache tu kutoka kwa waigizaji, na mwenzetu mmoja akasimama nyuma kabisa akiinua mkono kila neno lilipomfikia nusu.

Katika igizo, Rehema anateka maji alfajiri, anafika shuleni geti limefungwa, mwalimu wa zamu anamtuma kufyeka nyasi, na vipindi viwili vya Hisabati vinampita. Tulilikata hapo hapo. Igizo likishafika kwenye suluhisho, watazamaji hupiga makofi na kwenda zao. Likikatwa kwenye mkwamo, mtazamaji anaweza kuingia jukwaani na kujaribu njia nyingine, kama alivyofundisha mwanatamthilia Mbrazili Augusto Boal.

Mwalimu mmoja wa nidhamu alinyanyuka, akataka kuigiza mwalimu wa zamu mwenye huruma. Mwezeshaji alimwomba achukue nafasi ya Rehema. Sharti hili walimu wengi hulipuuza, na ndipo zoezi linapoharibika: ukimbadilisha mwenye nguvu, tatizo linayeyuka kwa muujiza na hakuna aliyejifunza namna ya kulikabili.

Akavua koti, akasimama getini.

"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nateka maji."

"Marahaba. Wenzako hawateki?"

"Bomba la mtaani kwetu hufungwa saa kumi na mbili."

"Kwa hiyo shule ikusubiri wewe? Shika fyekeo."

Akajaribu kuomba msamaha, akajaribu kuomba aingie darasani kwanza. Msichana aliyeigiza mwalimu wa zamu alikuwa ameelekezwa vizuri: asilegee kwa huruma tu, wala asikatae hoja nzito kwa ukaidi. Mwalimu akabaki ameshika fyekeo, hana la kuongeza.

Mjadala ukawaka. Wawezeshaji hapa wanapaswa kuuliza, wasihubiri. "Ungekuwa Rehema ungefanya nini?" hufungua midomo kuliko "Tumejifunza nini?", ambalo huwaletea majibu ya mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha pili akapendekeza adhabu zifanyike baada ya kipindi cha mwisho. Mkuu wa shule akakubali ianze Jumatatu.

Yote yaliandikwa ubaoni katika safu tatu: nini, nani, lini. Safu ya tatu ikiachwa wazi, mpango hufia ubaoni, kwa hiyo hatukutoka hadi ikajaa. Suala la maji lilipangiwa kikao cha wazazi, na wasemaji wakachaguliwa wanafunzi wawili. Mwalimu wa Hisabati akaomba awe wa tatu, aende na daftari lake la mahudhurio, kwa kuwa humo ndimo ilimoonekana ni akina nani hukosa vipindi vya asubuhi.