Ile Juni shingo iligoma

Ofisi yetu ilikuwa Posta, Dar, na mwezi wa sita ukifika mhasibu hana maisha, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, vocha zinamiminika, unakaa asubuhi unakuja kushtuka giza limeingia na chai ya saa nne bado iko pale imepoa. Laptop mbele, vocha kushoto, shingo imepinda siku nzima.

Sasa asubuhi moja niko kwenye daladala la Mbagala, konda ananigonga bega anataka nauli, nageuka, shingo haigeuki! Ikabidi nigeuke mwili mzima. Ofisini kila mtu daktari, huyu anasema ni feni, yule umelalia mto vibaya, mwingine ananitafutia dawa ya kuchua. Mama wa masjala ndo akanishika mkono, "Mwanangu, twende hospitali kwa watu wa fizio, wale wa tiba ya viungo."

Kijana wa fizio hakunipa hata kidonge, nilichukia kidogo. Akauliza skrini naiwekaje, afu akaniambia kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5 hivi, ukikiinamisha mbele mzigo wa shingo unaongezeka, na ile misuli ya kutoka shingoni kushuka mabegani inabaki imekaza masaa yote, haipumziki. Kwahiyo laptop ipandishe, kila nusu saa inuka, zungusha mabega, vuta kidevu nyuma mpaka utokewe na kidevu cha pili. Maumivu yakitulia, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ikanyage katikati, shika ncha mbili, inua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, shusha taratibu, dakika mbili.

"Mbili tu?"

"Mbili tu dada, ila kila siku."

Tyubu alileta mama wa masjala, kwa fundi baiskeli wa mtaani kwake, kazikata na mkasi wa ofisi, akagawa kwa kila meza kama anagawa barua. Laptop yangu nikaipandisha juu ya mafaili ya miaka ya nyuma, kazi pekee ya maana waliyowahi kufanya yale mafaili. Saa tano ikifika, chumba kizima tumesimama, mikono juu, viganja vyeusi tii kwa tyubu.

Siku bosi alipotukuta alisimama mlangoni, "Kuna nini?" Mama hakushusha hata mikono, "Mazoezi mkurugenzi, tunamalizia." Akaondoka kimya. Kesho yake tangazo ubaoni: chai inywewe kwa kusimama. Amri hiyo haikumaliza wiki.