Kima punju wa Jozani: mwezi wangu wa tatu wa kumpiga picha

Tangu Juni naenda msitu wa Jozani, Unguja, Jumamosi moja ndiyo, moja siyo, kwa daladala ya Makunduchi. Kamera niliinunua mkononi kwa mtu, lenzi yake ni ya milimita 70 hadi 300. Nataka picha ya kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani ila Zanzibar, ambayo mtu akiiona hataniuliza "hiki kitu gani?" Swali hilo aliniuliza mama yangu mwenyewe.

Safari tatu za mwanzo hazina la kusifia. Picha 412, nilizobakiza tatu. Nikailaumu lenzi, kumbe makosa yangu. Msituni mwanga ni haba, nami kwa kuogopa chengachenga kwenye picha nikang'ang'ania ISO 400 (ISO ni kiasi kamera inavyohisi mwanga), kasi ya kamera ikashuka hadi 1/60 ya sekunde. Kwa milimita 300 hata pumzi yako inatikisa picha. Sasa naweka 1/500 na kuiacha ISO ipande, hata 3200. Chenga zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Kilichonitesa zaidi ni uso wake. Mweusi tii, juu yake nywele nyeupe zilizotimka kama za mzee aliyeamshwa usingizini. Akikaa tawini na anga nyuma yake, kamera inadanganywa na weupe wa anga na kubana mwanga. Napata kivuli chenye mkia. Hapo kwenye kipimo cha mwanga cha kamera naongeza +1.3. Akiwa mbele ya majani ya giza, nywele ndizo zinazoungua kwa mwanga kuzidi, basi napunguza -0.7. Namba hizi nimezibandika nyuma ya kamera, maana kima hamngoji mtu apige hesabu.

Mtembezaji mmoja aliniona nikimkimbiza kima mti hadi mti.

"Bwana, kaa kitako. Watakuja wenyewe kwenye miti ya mikungu."

Nikakaa juu ya gogo dakika arobaini, chakula cha mbu. Kweli wakaja, saba. Ndipo nikaona wanavyoshika matawi kwa vidole vinne kama ndoano, gumba ni kama hawana. Nikaona pia kuwa kabla ya kuruka, kima hujikunja na kulitazama tawi analoliendea. Siku hizi nabonyeza anapojikunja.

Jumamosi iliyopita, kwenye shamba kando ya msitu, palikuwa na mabaki ya tanuri la makaa. Jike mmoja akashuka, akachagua kipande, akakitafuna. Majani ya mikungu na miembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Nilikuwa nimelala kifudifudi mbali kidogo, lenzi usawa wa macho yake. Nikabonyeza mara sita. Ya nne imetulia: jicho kali, nuru ya anga ndani yake, na vumbi jeusi kwenye midomo ya waridi.

Jioni nikamwonyesha mama. Akaishika simu, akaisogeza machoni.

"Kima punju huyu," akasema. "Mkia wake uko wapi?"