Ndoo Moja ya Tandale

Novemba 2015 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma ufamasia. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar es Salaam tangu Agosti, kikaanzia Kinondoni, na bado kambi zilikuwa zikipokea wagonjwa usiku na mchana. Tangazo la kutafuta watu wa kujitolea lilipobandikwa ubaoni, nilijiandikisha siku ileile. Sababu yangu kubwa, nakiri, ilikuwa cheti. Nilijua kitanifaa nitakapoanza kutafuta kazi.

Tulifundishwa siku mbili. Kidonge kimoja cha klorini kwa ndoo ya lita 20, subiri nusu saa ndipo unywe. Paketi moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji safi. Ukiikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nilikariri yote, na yote ni kweli mpaka leo. Tukapewa vizibao, tukagawanywa mitaani. Mimi na mwenzangu tukapangiwa Tandale, mjumbe wa shina akituongoza.

Nyumba ya nne au ya tano siku hiyo ilikuwa ya wapangaji, vyumba sita na choo kimoja. Uani tulimkuta mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kigoda, sufuria zake kubwa ameziegemeza ukutani, zimekauka. Alikuwa mama ntilie. Kuuza chakula barabarani kulikuwa kumepigwa marufuku kwa sababu ya ugonjwa, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu hajawasha jiko la biashara.

Nikamwamkia, akaitikia, akatutandikia mkeka. Nikaanza: mama, chemsha maji ya kunywa, nawa kwa sabuni kila ukitoka chooni, kila ukimtawaza mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza taratibu, "Umemaliza, mwanangu?" Nikasema ndiyo.

"Haya, chukua ndoo hiyo tufuatane."

Bomba la kuuzia maji halikuwa mbali, lakini foleni ya ndoo na madumu ilikuwa imepinda hadi nje ya uzio. Tulisimama karibu saa nzima. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku, na huko juu mtu alikuwa ametapisha choo. Mfereji tulioruka tukienda tuliuruka tena tukirudi, mimi nina ndoo kichwani, maji yananimwagikia shingoni, nikiomba nisiteleze. Darasani nilikuwa nimeyatamka maneno "lita 20" labda mara hamsini. Siku hiyo ndiyo niliyabeba.

Uani akapanga vyombo, akaanza kugawa mbele yangu kwa kopo la plastiki. Haya ya kunywa. Haya ya kupikia. Haya wajukuu wawili wataoga, mmoja baada ya mwingine kwenye beseni. Haya ya kuoshea vyombo. Haya ya chooni. Ndoo ikabaki na maji kina cha vidole vitatu. Akaiinamisha ili nione vizuri.

"Sasa nionyeshe ya kunawa kila saa ni yapi. Na mkaa wa kuchemshia nao unipe."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Nilikaa kimya. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nivae kile kizibao, nikauliza badala ya kuagiza: "Mama, una dumu lolote la mafuta lililoisha?"

Lilikuwepo, la lita tano. Akapasha msumari moto kwenye makaa, tukatoboa tundu, tukalining'iniza kwa kamba, tukafunga kijiti cha kukanyagia chini na kipande cha sabuni pembeni. Kibuyu chirizi. Tulionyeshwa kwenye mafunzo, nami nilikuwa nakiruka kila nyumba kwa sababu kinachukua muda. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanatoka uzi mwembamba; ukiachia, yanakatika. Mjukuu mkubwa alinawa mara nne mfululizo kwa raha ya kukanyaga, mpaka bibi yake akamzuia. Nikawaachia vidonge vya klorini, maana hivyo havitaki mkaa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi bila kutumwa. Kijana mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa amepelekwa kambini kwa bajaji usiku wa Alhamisi, na hakurudi. Yule mama ndiye aliyempakata, akimnywesha ORS kijiko kwa kijiko njia nzima. Alinisimulia macho yake yakiwa kwenye lile dumu. Nililia, naye akanipa ncha ya khanga yake nijifute.

Tarehe 9 Desemba, sherehe za Uhuru zilipofutwa na nchi nzima ikaambiwa ifanye usafi, nilikuwa na koleo ndani ya mfereji uleule, yeye na majirani zake wakizoa taka kandokando yangu.

Cheti nilikipata. Kwenye usaili wa kazi hakuna aliyekiulizia.

Leo nakaa dirisha la dawa, na foleni yangu ni ndefu. Mwaka jana alifika mzee mmoja mwenye kisukari, ameandikiwa glibenklamaidi asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Dawa hiyo ikikuta tumbo tupu inaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Ningeweza kumsomea maelezo na kumwita anayefuata, na kwa karatasi ningekuwa nimemaliza kazi yangu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

Alinitazama kidogo, akaangalia watu waliokuwa nyuma yake, akasogeza uso karibu na kioo.

"Asubuhi chai ya rangi, mwanangu. Mchana hapana. Usiku, ugali ukipatikana."

Nikamwomba mwenzangu anishikie dirisha. Nikatoka nje, nikamshika mzee mkono, tukarudi wote kwa daktari na kile cheti cha dawa.